Naulizia tamthilia ya mbwa asiyekaa na mtu (Canada, miaka ya 80). Mwishowe alifika kwao?

Mzee wa Barabara ya Tisa

Wakuu, salaam.

Swali langu la kitoto, mnivumilie. Nina miaka 52, nilianza kuulizwa nikiwa na 10, na hadi leo sijawahi kulijibu bila kudanganya.

Mwaka 1980 marehemu baba alikuwa bwana shamba kule Basotu, Hanang, kwenye mashamba ya ngano ya ule mradi wa Tanzania na Canada. Wakampeleka masomoni Saskatoon, tukafuatana naye wote: mama, dada yangu na mimi. Nilikuwa na miaka saba. Baridi ya kule sitaieleza, anayetaka kuijua aingize kichwa kwenye friza ya muuza samaki ahesabu hadi mia. Saa kumi na moja jioni kiza kimeshaingia, nje hakutokeki, kazi yetu watoto ikawa ni televisheni.

Hapo ndipo nilipomjua huyu mbwa. Mkubwa, mweusi mgongoni, hudhurungi miguuni, masikio wima, wale tunaowaita mbwa wa polisi. Hana mwenyewe. Anaingia mji fulani kwa miguu yake, anakuta watu wana shida: mtoto kapotea, mzee anadhulumiwa, mtu kaumia mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Anahangaika nao mpaka yanaisha. Kisha wale watu wanampenda, wanamtengea bakuli, wanamwambia basi hapa ndiyo kwenu. Yeye anawatazama, anainamisha kichwa kidogo hivi, anageuka. Wimbo unaanza, mbwa anashika barabara mpaka anakuwa kidoa. Wiki inayofuata mji mwingine, watu wengine, bakuli lingine, anaondoka tena. Dada yangu alikuwa analia kila mara. Mimi sikulia, mimi nilikuwa namkasirikia. Nilikuwa namwambia kwenye kioo, "Kaa basi, we mbwa! Watu wamekukubali!"

Mama ni mtu wa Pangani, mbwa kwake hata kwenye picha alikuwa hamtaki. Mwanzo alikuwa anapita tu nyuma yetu na sinia la mchele anaochambua. Wiki za mbele akawa anasimama mlangoni na sinia. Mwishowe akakaa. Siku moja mama mmoja wa kwenye televisheni alifungua mlango wa nyumba ili mbwa aingie, mvua inanyesha. Mama akaropoka, "Mpe chakula, mpe na maji, lakini ndani asiingie!" Baba alicheka hadi akavua miwani.

Tukarudi mwishoni mwa 1983, tukashukia Tanga kwa babu, Ngamiani. Vijana mnaweza msijue, lakini wakati ule bara hapakuwa na televisheni kabisa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70. Sisi huku tulingoja mpaka 1994. Pale Tanga mwenye antena ndefu alibahatisha kuwadaka Wazanzibari siku ambayo hewa imetulia, na antena hizo zilikuwa za kuhesabu.

Sasa baba alikuja na televisheni yetu kutoka Saskatoon, kwenye boksi lake, imefungwa na mablanketi. Mtaa mzima ukajaa uani. Mume wa shangazi, ambaye alikuwa hakosi kujua kitu, akaichomeka. Kule umeme wao volti 110, huku kwetu 230. Ilisema "pwa" mara moja, ukatoka moshi wenye harufu ya mkaanga samaki aliyesahau karai. Fundi wa redio alipoitwa akatuliza baba kwa kumwambia hata ingepona ingekuwa kazi bure, maana mfumo wa picha wa Canada na ule wa Zanzibar haupikiki chungu kimoja. Ikawa meza ya thamosi, na kitambaa cha kufuma juu yake, mpaka babu alipofariki.

Watoto waliokuwa wamejaa uani hawakuondoka. Mmoja, jirani yetu, akaniuliza, "Kwani ndani mlikuwa mnaona nini?" Nikaanza kumsimulia yule mbwa.

Basi mimi nikawa ndiyo televisheni. Kila baada ya Magharibi, kwenye baraza la duka la Mhindi lililokuwa halina cha kuuza (mwaka ule maduka mengi yalikuwa na rafu na mwenye duka tu), wanakaa kumi, kumi na watano, nasimulia. Kiingilio chungwa la Muheza, asiye nalo anakuja na habari. Nikamaliza vipindi vyote nilivyokumbuka kama katika mwezi mmoja na nusu. Halafu nikaanza kutunga. Theluji nikaigeuza mafuriko ya mto Pangani, maana nilipowaeleza theluji walisema naongopa. Polisi wa Canada nikawageuza mgambo.

Jina la mbwa ndilo lililoniletea matatizo. Sikukumbuka anaitwa nani, na nyinyi mnakumbuka siku zile kila mtu alikuwa Ndugu, basi na mimi nikamwita Ndugu. Haikupita wiki, balozi wetu wa nyumba kumi akaja kwa mama, kavaa kofia yake, akakataa hata chai. "Mama, mwanao anamwita mbwa Ndugu. Ndugu ni wanachama." Mama akanivuta sikio mbele yake kwa ajili ya heshima, kisha mlangoni akaniambia polepole, "Mtafutie jina jingine, usimuache." Nikamwita Kwaheri. Lilimkaa kuliko la kwanza.

Lakini watoto waliniuliza: sasa huyu Kwaheri kwao wapi? Atafika lini? Mimi sikujua. Sisi tuliondoka kule kipindi bado kinaendelea. Nikawapiga chenga miezi, mwishowe nikabanwa, nikamtungia mwisho: Kwaheri anadandia treni ya mizigo iliyobeba mkonge, analala juu ya marobota, anashuka stesheni, anamkuta bibi mmoja muuza maandazi asiye na mtu, anakaa. Wakaridhika. Mimi roho ikanisuta, na inanisuta hadi kesho, maana nilijua mbwa yule si wa kukaa.

Juzi nimemsimulia mjukuu wangu wa miaka sita. Nilipofika kwa bibi wa maandazi akanitazama, akasema, "Babu, hapo umetunga."

Kwa hiyo naomba mwenye kujua: tamthilia ile iliitwaje, alikuwa mbwa mmoja kweli au walikuwa wanabadilishana, na je, alifika kwao? Halafu kuna kitu kinanichanganya. Nakumbuka pia mbwa mwenye manyoya marefu, shingo nyeupe, na mvulana, na shamba, na mvulana yule anatumbukia kisimani. Ndiyo huyo huyo alikuwa ananyolewa, au ni mwingine?

Pweza wa Deep Sea

Mzee umeniua hapo kwa balozi 😂 "Ndugu ni wanachama." Mimi sijui chochote, nakaa hapa na kahawa yangu nangoja wajuzi.

Kijiti wa Scarborough

Shikamoo mzee. Mimi niko Toronto mwaka wa 23 huu, na watoto wangu wamezaliwa hapa, kwa hiyo hili nalijua kwa kulazimishwa.

Tamthilia yako ni The Littlest Hobo. Hapa Canada mtaje huyo mbwa mbele ya mtu yeyote wa umri wako, ataanza kuimba palepale, hata awe meneja wa benki. Wimbo uliimbwa na Terry Bush na kiitikio chake ni habari ya "labda kesho", yaani labda kesho nitatulia, leo acha niende. Ilionyeshwa na CTV kuanzia 1979 hadi 1985, vipindi 114, ikipigwa picha Toronto na miji midogo ya Ontario hapa jirani. Ila hiyo ilikuwa awamu ya pili. Kabla yake kulikuwa na filamu ya 1958, kisha mfululizo wa 1963 hadi 1965, huo wa nyeusi na nyeupe.

Mbwa: jina lake la kazi London. Mwenye mbwa aliitwa Chuck Eisenmann, Mmarekani, zamani mrushaji mpira kwenye besiboli ya kulipwa. Kwenye filamu ya 1958 alikuwa London, miaka ya 80 jina ni lilelile London, sasa piga hesabu mwenyewe, mbwa haishi miaka ishirini na saba. Jina lilirithiwa. Na Eisenmann alikuwa na kundi, wanaofanana, akifuga wote pamoja. Kwa hiyo jibu la pili: walikuwa wanabadilishana.

Huyo Eisenmann alikuwa na mambo yake. Alikuwa akiongea na mbwa wale sentensi nzima nzima kama watu, na akaandika vitabu kutetea kwamba mbwa afundishwe kufikiri, si kutii amri tu.

Sasa jina. "Hobo" si jina la mbwa, ni neno. Ni watu waliokuwa wakizunguka Marekani na Canada bila makao, wakifuata vibarua, na usafiri wao mkubwa ulikuwa kudandia treni za mizigo. Ndani ya hadithi mbwa hana jina linalojulikana. Kila anayekutana naye anambandika la kwake. Kwa hiyo mzee, wewe kumwita Ndugu kisha Kwaheri hukukosea kitu, ndivyo walivyofanya na wao.

Na swali lako kubwa: hapana. Kipindi kinakwisha anaondoka. Hakuna kwao.

Yule wa manyoya marefu ni mwingine kabisa, huyo ni Lassie wa Marekani. Alianza CBS mwaka 1954, akaenda hadi 1973, marudio yake yalionyeshwa miaka na miaka. Mvulana wa shambani unayemkumbuka ni Timmy, aliyechezwa na Jon Provost kuanzia 1957 hadi 1964. Na kaa chini nikwambie: Timmy hakuwahi kutumbukia kisimani. Hata siku moja. Aliangukia mtoni, alinaswa mgodini, alipatwa na kila balaa, kisima hapana. Watu wote wanakikumbuka kisima na hakipo. Provost mwenyewe amekichoka kisima hicho kiasi cha kukiweka kwenye jina la kitabu cha maisha yake.

Nyongeza ya bure: Lassie kwenye hadithi ni jike. Waliomchezea wote walikuwa madume. Jike la aina ile hunyonyoka manyoya kila msimu, dume hubaki na shuka lake, tena ana umbo, mtoto akisimama pembeni yake anaonekana mdogo hata kama ameshaota ndevu.

Afande Mstaafu

Naingia hapo kwa Eisenmann, maana hii ndiyo kazi iliyonilea. Nimetumikia Kikosi cha Mbwa na Farasi miaka 19.

Mbwa hafikiri hivyo mnavyotaka nyinyi. Mbwa anakusoma. Bega lako likishuka, anajua. Ukivuta pumzi kabla ya kutoa amri, ameshaisikia amri. Nilikuwa na dume moja, tulifanya kazi pamoja miaka sita, nikija kazini nimegombana nyumbani linakataa kukaa karibu nami, linalala mlangoni mwa banda linanitazama. Hilo si kufikiri, hilo ni zaidi ya kufikiri, lakini usiniambie anaelewa sentensi nzima.

Sasa haya ya kwenye televisheni nawafungulia siri kidogo. Mnaona mbwa anamtazama mtu usoni kwa huruma? Hamtazami yeye. Anamtazama mwalimu wake aliyesimama nyuma ya kamera kashika mpira. Mbwa anambusu mtoto shavuni? Shavu limepakwa kitu chenye ladha ya nyama. Mbwa anavuta kamba mlango unafunguka? Hajui kuna mlango, anajua kuna kamba, na kamba ni mchezo. Kila kitendo kinafundishwa peke yake: vuta, bweka, tambaa, lala ujifanye umeumia. Kisha mkata picha anaviunganisha, wewe na dada yako mnalia.

Tena mnalia sawasawa, maana kumfundisha kutambaa peke yake nimewahi kutumia wiki tatu na magoti yangu hadi leo yanauma. Unatambaa naye.

Kimoja tu kilinishinda katika maelezo ya mzee. Ule mwisho, anawageuzia watu mgongo anaondoka. Hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Mbwa hajaumbwa kumwacha mtu anayemuita. Lazima mwalimu alikuwa amesimama mbele huko barabarani, mbali, nje ya picha. Kwa hiyo mzee pale ulipokuwa unamkasirikia kwa kuondoka, yeye alikuwa anarudi kwa mwenyewe.

Pweza wa Deep Sea

Afande 😭 hiyo ya mwisho hukupaswa kuiandika saa hizi.

Mluguru Halisi

Mbwa, mbwa, mbwa. Na sisi Morogoro tuna panya. Pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, wako shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wepesi wao unawasaidia, wanapita juu ya bomu halilipuki. Kijisauti cha "tik", kipande cha ndizi, basi, shule imekwisha. Mmoja, Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alikwenda Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha nishani ya dhahabu. Mtengenezeeni huyo tamthilia.

Abuu Swafwan

Mleta mada, bila ubaya. Watu wa Ngamiani, baada ya Magharibi, unakusanya watoto wa Kiislamu unawasimulia sifa za mbwa? Wazee hawakusema?

Mzee wa Barabara ya Tisa

Kwanza Kijiti, marahaba mwanangu, na asante. Nimelisoma lako mara tatu. Nilimsomea dada yangu kwenye simu, yuko Mwanza sasa, akauimba ule wimbo wote. Wote! Miaka arobaini na kitu, na miwani ameiweka wapi hakumbuki.

Kisima kimeniuma. Mimi *nimekiona* kile kisima. Nakumbuka hata kamba yake. Basi tuseme nilikiona kwa babu.

Abuu, swali lako si baya. Walisema. Maalim wetu wa chuoni alisikia, akaniita mbele ya darasa zima, fimbo iko mezani. Akaniuliza, "Huyo mbwa wako akilamba chombo, kinaoshwa mara ngapi?" Nikajibu mara saba, moja kwa udongo. Akasema vizuri. Akauliza tena, "Vijana wa pangoni walilala na nani?" Hapo nikanyamaza. Akatusomea Suratul Kahf, pale mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini, na yule wazee wetu humwita Kitmiri. Kisha akatusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akayabeba kwenye kiatu chake, Mungu akamsamehe. Alipomaliza akaniambia, "Msimulie, lakini abaki kizingitini."

Ndiyo maana katika hadithi zangu Kwaheri hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Mama alisema vilevile kwenye televisheni, maalim kasema vilevile, nikaona hili halina rufaa. Na labda ndiyo iliyonirahisishia kazi, maana mbwa anayelala kizingitini kuondoka kwake si shida, hana mlango wa kufungua.

Ila kuna neno la Kijiti limeninyima usingizi jana. Hilo la watu wa treni za mizigo. Wakuu, treni nilidhani nimeitia mimi! Naapa sikujua maana ya lile neno, nilikuwa na miaka kumi. Nilitia treni kwa sababu treni ya mkonge ilikuwa inapita na sisi tukiikimbilia kudandia, tukishuka Pongwe tukirudi kwa miguu na kuchapwa. Sasa sielewi: niliwahi kuliona ndani ya kile kipindi nikalisahau, au ni bahati?

Afande, na wewe lako nimeliona. Sina la kusema. Mjukuu nitamwambia hilo lako, si la bibi wa maandazi.

Binti Sambaa

Shikamooni wazee. Mimi huwa nasoma tu hapa siandiki, lakini leo mikono inatetemeka.

Mzee, huyo Kwaheri alikuwa anatafuna kiatu cha askari mgambo? Kiatu kimoja tu, cha kushoto?

Mzee wa Barabara ya Tisa

Marahaba. Cha kushoto ndiyo. Mgambo akabaki anaruka na mguu mmoja sokoni. Hicho nilikitunga mimi, hakimo Canada. Wewe umekitoa wapi?

Binti Sambaa

Kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikulia Tanga, sasa ni fundi cherehani Lushoto. Tulipokuwa wadogo umeme ukikatika alikuwa anatusimulia mbwa anaitwa Kwaheri anayezunguka nchi nzima kusaidia watu. Sisi tulijua ni hadithi ya Kisambaa ya kale! Mimi mwenyewe nimemsimulia mwanangu, na kule anapookoa watoto kwenye maporomoko ya udongo Lushoto nikajua ndipo ilipotokea.

Mzee wa Barabara ya Tisa

Maporomoko hayo si yangu. Yangu yalikuwa mafuriko ya Pangani. Mjomba wako alikaa mtaa gani?

Binti Sambaa

Barabara ya Kumi. Nimempigia sasa hivi, anasema kulikuwa na mtoto mmoja alitoka Ulaya, mwembamba, anavaa soksi juani, anawatoza machungwa.

Pweza wa Deep Sea

SOKSI JUANI 😂😂😂 Mzee jitokeze.

Mzee wa Barabara ya Tisa

Si Ulaya, ni Canada. Na soksi mama ndiye aliyenivalisha, mbu walikuwa wengi.

Binti, mjomba wako namjua sasa. Ni yule asiyekuwa na machungwa, alikuwa anakuja na habari. Ndiye aliyetuletea habari kwamba mume wa shangazi kanunua stabilaiza. Mwambie namsalimu sana. Muulize mwisho wa Kwaheri anausimuliaje yeye.

Binti Sambaa

Anasema: Kwaheri alidandia treni ya mkonge, akalala juu ya marobota, treni ikasimama Mombo. Akashuka kunywa maji. Akiwa anakunywa treni ikaondoka. Mpaka leo yuko pale Mombo stesheni anangoja treni nyingine, na ndiyo maana ukipita Mombo usiku lazima usikie mbwa.

Sisi tukipita Mombo na basi tulikuwa tunafungua vioo kusikiliza. Na walikuwa wanabweka kweli.

Mzee wa Barabara ya Tisa

Mombo?

Nilimshusha Korogwe. Kwa bibi wa maandazi, Korogwe, mbele ya watoto wasiopungua kumi na wawili, na mjomba wako alikuwa amekaa pale karibu na mlango wa duka. Treni haikufika hata Mombo siku ile.

Naomba namba yake nitumie faragha. Hili tutaliongea mimi na yeye.